Kabla ya kuhamia Dodoma, wapeleke baharini

Dada, umesema watoto wana miaka 3 na 6, likizo ya Juni imeanza, na Julai mnahama Dar es Salaam kwenda Dodoma, ukauliza muwatembeze wapi kabla ya hapo. Kule hakuna bahari, kwa hiyo anzeni na maji. Asubuhi pandeni pantoni Kivukoni mvuke Kigamboni. Kwa mtoto hiyo ni safari kubwa. Fikeni ufukweni maji yakiwa yamekupwa, waokote simbi na kuwakimbiza kaa wadogo wanaozama mchangani. Mwanangu alijaza simbi kopo la maziwa, tulipohama akalipakata njia nzima. Bagamoyo na magofu ya Kaole, siku moja inatosha. Wiki ya kufunga mizigo msipange matembezi kabisa, mtawakaripia bure. Jumapili ya mwisho shindeni kwa bibi yao.