Maswali na Majibu: Vipuri vya BMX ya Zamani

Fundi, nimepata fremu tupu ya BMX, ile baiskeli ndogo ya mashindano na michezo, ya 1981. Huyu ananiambia nitafute vipuri vya asili, yule anasema vya enzi hiyo vinatosha. Nimsikilize nani?

Vipuri vya asili ni vile baiskeli ilivyotoka navyo kiwandani. Vya enzi ni vile ambavyo mwenye baiskeli angeweza kuvinunua na kuvifunga mwaka ule. Kwa kuwa ulichonacho ni fremu tupu, mfuate huyo wa pili. Fremu nyingi za BMX ziliuzwa peke yake, kila mtu akaijenga yake kwa kadiri ya mfuko wake, kwa hiyo hakuna orodha moja takatifu ya kuifuata. Hata zilizouzwa nzima hazikukaa hivyo: vijana walibadili pedali na kranki (mikono inayobeba pedali) mapema tu.

Kitu cha kushikilia ni mwaka. Rotor, kile kifaa kinachouwezesha usukani kuzunguka bila kusokota waya wa breki, ilikuja katikati ya miaka ya 1980. Ukiifunga kwenye fremu yako, anayezijua baiskeli hizi ataiona kabla hajaona kitu kingine. Mimi ningekubali kipuri cha bei nafuu cha mwaka sahihi kuliko kile maarufu kilichokuja miaka mitano baadaye.

Ila kama baiskeli ingekufikia nzima, ningekukataza kung'oa chochote kwa sababu tu umepata kinachong'aa zaidi.

Mwaka wa kipuri nitaujuaje?

Anza na vipuri vya Shimano, kampuni ya Kijapani, maana wamekurahisishia kazi. Tafuta herufi mbili ndogo zilizogongwa kwenye chuma, mara nyingi upande usioonekana. Ya kwanza ni mwaka, A ikiwa 1976, B 1977, na kuendelea. Ya pili ni mwezi, A ikiwa Januari. Kwa hiyo HC ni Machi 1983. Kumbuka hiyo ni tarehe ya kipuri kutengenezwa. Kilikaa stoo kwanza, kikafungwa baadaye. Herufi za mwishoni mwa 1980 kwenye baiskeli ya 1981 ni jambo la kawaida kabisa. Za 1984 ndizo za kutilia shaka.

Pedali nilizonunua haziingii kwenye kranki. Nimeuziwa bandia?

Si lazima. Kranki ya kipande kimoja hupokea pedali za inchi 1/2. Ya vipande vitatu hupokea za 9/16. Usilazimishe, utaharibu hesi. Na kabla hujanunua shingo ya usukani, pima: za BMX za zamani huwa na shina la milimita 21.1, na za baiskeli nyingine nyingi ni 22.2. Tofauti hiyo jicho halioni, uma wa mbele unaiona.

Skyway Tuff Wheel (magurudumu ya nailoni) mpya zinakubalika?

Skyway wenyewe bado wanazitoa, kwa hiyo siziiti bandia. Kwa baiskeli ya kuendesha ningechukua mpya bila kusita, kwani nailoni iliyopigwa jua miaka mingi hupoteza uimara. Kwa baiskeli ya maonyesho, tafuta za zamani. Ukiuza, mwambie mnunuzi ni zipi.

Nipake rangi upya?

Kama rangi ya kiwandani ipo hata nusu, hapana. Osha, ondoa kutu, acha.

Nataka niiendeshe, na tairi za zamani nilizozipata bado zina meno.

Meno si kitu. Kunja ukuta wa tairi. Ukiona nyufa, haifai kubeba mtu. Hali ni hiyo hiyo kwa mpira wa breki uliokauka na waya wake uliochakaa. Nunua tairi mpya zenye mchoro wa zamani, za kipenyo cha milimita 406 kama rimu yako ni ya 20 x 1.75 au 2.125. Rimu nyembamba za mashindano, zile za 20 x 1 3/8, ni za 451 na haziingiliani na hizo. Tairi zako za zamani zihifadhi gizani, uzirudishe siku ya maonyesho.