Kava la pikapu la kwenda nalo kambini: anza na mlango wa nyuma

Fundi wa Arusha ukimwambia unataka kava la pikapu, atakuuliza kwanza: la turubai, la faibaglasi au la chuma? Swali zuri, ila limekuja mapema. La kutangulia ni hili: usiku mtalala wapi? La pili: vumbi la huko mnakokwenda litaingilia wapi? Ukishayajibu hayo mawili, chaguo hupungua lenyewe, na unapokaa kujadili bei unajua unalipia nini.

Futi kamba kabla ya pochi

Bodi la Hilux ya dabo kebini (yenye milango minne na viti vya nyuma), kama lilivyo la Ranger, Navara, L200 au D-Max, lina urefu wa ndani wa takriban mita 1.5. Mtu mzima hanyooki humo mlango wa nyuma ukiwa umefungwa. Upana nao ni kama mita 1.5 kutoka ukuta hadi ukuta, lakini kati ya madigadi ya ndani, yale maumbo ya matairi yanayochomoza bodini, hubaki karibu mita 1.1 tu. Kulala kimshazari kunawezekana ukiweka jukwaa la mbao juu ya madigadi, sentimita 25 hivi kutoka sakafuni, na hapo dari la kanopi, yaani kava refu lenye kuta na paa, linakukaribia usoni. Ekstra kebini ina takriban mita 1.8, na singo kebini hupita mita 2.2. Hizo ndizo gari za kulala ndani kwa raha.

Kwa mwenye dabo kebini ushauri wetu ni mmoja: bodi liwe stoo na jiko, kitanda kiwe kwingine. Mlango wa nyuma ukiuteremsha unapata nusu mita zaidi, na wapo wanaoshonea hapo koti la turubai ili miguu ipate pa kukaa. Kwa usiku mmoja Momella linafaa. Kwa wiki nzima utachoka, maana kila jioni lazima utoe mizigo yote nje ndipo upate pa kulala.

Pima upana sehemu tatu: karibu na kebini, katikati na nyuma. Kisha pima kutoka pembe hadi pembe, mara mbili kwa kukatisha. Bodi lililozoea kubeba mchanga na matofali huwa limefumuka, na likiwahi kugongwa huwa limekaa upande. Vipimo viwili vya pembe vikitofautiana kwa zaidi ya sentimita moja, kanopi ya dukani haitalala vizuri hata ukiibana namna gani. Na wanaonunua kanopi iliyotumika waangalie toleo la gari: ya Hilux Vigo haikai sawasawa kwenye Revo iliyotoka 2015, ingawa zote ni Hilux na muuzaji atakuapia kwamba inaingia.

Vumbi huingilia nyuma

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Pikapu ikienda kasi huacha ombwe nyuma yake, na vumbi linalorushwa na matairi hufyonzwa kurudi kwenye mlango wa nyuma. Mlango huo haukutengenezwa kuzuia vumbi. Una mwanya chini kwenye bawaba na mianya miwili pembeni, kila mmoja unatosha kuingiza kidole. Ukiweka kanopi nzuri ya bei kubwa juu yake bila kugusa mianya hiyo, ukitoka Ngorongoro kuelekea geti la Naabi unafika na unga wa kijivu ndani ya sufuria zilizofunikwa. Vumbi la uwanda ule ni jepesi mno kwa sababu asili yake ni majivu ya volkano, na la njia ya kwenda Engaresero, karibu na Ziwa Natron, ni ndugu yake.

Kanopi isiyovuja maji inaweza kuvuja vumbi vibaya sana. Mvua hushuka, vumbi hufyonzwa. Kwa hiyo kumwagia maji peke yake si kipimo. Usiku, mtu aingie ndani na tochi kali, mfunge kila kitu, wewe uzunguke nje. Popote unapoona mwanga, weka alama kwa chaki.

Tiba yake haina gharama kubwa. Nunua raba ya mlango yenye umbo la herufi D, ile inayouzwa kwa mita kwenye maduka ya spea: mita 3 zinatosha mlango wa nyuma, na mita 5 za raba bapa kwa kitako cha kanopi. Raba bapa ya povu ijaribu kabla hujalipa. Ikamue ndani ya maji. Ikinywa maji kama sifongo iache, itashika unyevu na kuozesha bodi chini yake. Kwa mwanya wa chini, kata kipande cha tyubu ya lori chenye upana wa sentimita 10 na urefu sawa na mlango. Kibane kwa ribiti kwenye ukingo wa sakafu, juu yake ukiweka kibati chembamba cha alumini ili ribiti zisichane mpira. Mlango ukifungwa, mpira unakunjika na kuegemea mlango, ukifunguliwa, unalala. Jua litaukausha baada ya muda, lakini kubadilisha ni kazi ya nusu saa. Usisahau matundu ya kutolea maji kwenye pembe za bodi: yawekee vizibo vya raba unavyoweza kuving'oa.

Halafu geuza msukumo wa hewa. Mbele ya dari la kanopi toboa tundu la kama sentimita 10 kwa 30, liwekewe kifuniko kinachofunguka kuelekea mbele na kichujio cha sponji ndani. Gari likitembea, hewa inaingia hapo na kujaza kanopi, kwa hiyo vumbi la nyuma halipati nafasi ya kufyonzwa. Madirisha ya ubavuni yafungwe. Ukiyaacha wazi ukidhani unapitisha hewa, unaongeza ufyonzaji. Ukiwa nyuma ya gari jingine, funga tundu na umwache huyo aliye mbele aende zake mpaka vumbi litulie.

Turubai, kava bapa au kanopi

Turubai bapa linalokunjwa lina uzito wa kilo 15 hadi 20 na linatosha kuficha mizigo mjini. Kambini lina adui wawili. Wa kwanza ni mvua: katikati hufanya dimbwi, mishono inalowa, na matone yanaanza. Chini yake weka pinde mbili za bomba jembamba ili maji yateleze. Wa pili ni nyani. Nyani wa Manyara na tumbili wa karibu kila kambi hawahitaji kisu. Velkro inayofunga turubai wanaibandua kwa vidole. Kama chakula chako kimo humo, kiweke ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli, na matunda yakae ndani ya kebini.

Kava bapa gumu, la kukunja au la kuviringisha, linafungika kwa ufunguo na ni zuri kwa gari linaloegeshwa mjini siku tano za wiki. Udhaifu wake ni kimo: unabaki na sentimita 45 au 50 tu, mtungi wa gesi wa kilo 15 hausimami humo. Lile la kuviringisha lina kasha mbele linalokula sentimita 20 hadi 30 za bodi ambalo tayari ni fupi. Reli zake hunasa kwa vumbi. Usizipake grisi, kwa maana grisi na vumbi ni sawa na msasa. Zisafishe kwa brashi kavu, kisha zipulizie silikoni ya kopo. Vimirija vya kutolea maji kwenye pembe huziba kwa tope. Vipulizie upepo wa kompresa kila ukiosha gari.

Kanopi ya faibaglasi ya dabo kebini huwa na kilo 60 hadi 90. Ni tulivu, haina kutu, na ufa wake unazibwa kwa mkeka wa faiba na gundi yake. Lakini kabla ya kuweka hema la juu ya gari uliza kanopi inabeba kilo ngapi gari likiwa linatembea. Nyingi ni kati ya 75 na 100, na humo uhesabu keria pia. Hema lenyewe huwa kilo 50 hadi 70. Kanopi isiyo na kiunzi cha chuma ndani itapasuka kwenye pembe za madirisha, na ufa huanza kimyakimya kwenye barabara yenye mawimbi.

Kwa wanaokwenda Natron, Mkomazi au Serengeti mara kwa mara, tungeweka pesa kwenye kanopi ya alumini yenye milango miwili ya ubavuni inayofunguka kwenda juu. Unafikia jiko upande mmoja na friji upande mwingine bila kupanda bodini, na mlango uliofunguka unakuwa kibaraza wakati wa mvua. Mlango wa nyuma hufunguliwa mara chache, kwa hiyo hata raba zake hudumu.

Ukiamua kutengenezesha

Arusha ni mji wa mafundi waliozoea kukata na kurefusha Land Cruiser za watalii, hivyo ufundi upo. Kinachokosekana mara nyingi ni mteja anayejua anachoagiza. Fundi asipoambiwa ataweka chuma kizito kwa sababu anaogopa kulaumiwa kikikatika.

Kiunzi cha dabo kebini hutumia kama mita 20 za bomba la mraba. La milimita 25 kwa 25 lenye unene wa 1.5 lina takriban kilo 1.1 kwa mita, yaani kilo 22 zote. La 40 kwa 40 lenye unene wa 2 lina kama kilo 2.4, na umefika 48 kabla hujaweka bati hata moja. Eneo la kufunika ni karibu mita 5.5 za mraba: bati la chuma la milimita 1 ni kilo 43, alumini ya milimita 2 ni kilo 30. Tungechukua bomba la 25 na alumini, na pale keria inapokaa tuongeze nguzo za mshazari badala ya kunenepesha bomba. Kati ya alumini na chuma weka raba nyembamba na rangi, la sivyo unyevu ukiingia alumini italika kuzunguka kila ribiti.

Kiunzi kisishikamane na kebini. Kebini na bodi hukaa kwenye chesisi kila moja kivyake, na gari likipita korongoni vinasokotana. Keria iliyochomelewa juu ya vyote viwili lazima ikatike, au ikate kingo za bodi. Acha nafasi ya sentimita 2 hadi 3. Kufunga, tumia klampu za kubana ukingo kwa ndani, sita kwa uchache. Kutoboa bodi kunaleta kutu ambayo utaiona baada ya masika mawili. Miisho ya mabomba izibwe, na chini ya kila nguzo kuwe na kitundu kidogo cha kutoa maji.

Ukichagua kiunzi cha turubai kwa kubana matumizi, tumia turubai zito la lori pande zote, lakini dirisha liwe na wavu wa mbu na kifuniko cha nje. Kama Tarangire imo kwenye ratiba, epuka rangi ya bluu iliyoiva na nyeusi: ndorobo huzifuata. Kaki au kijivu cha mchanga ni salama zaidi.

Uzito, gesi na umande

Piga hesabu kabla ya kununua. Watu wanne kilo 300, kanopi 80, hema 60, keria 25, maji lita 60, dizeli ya akiba lita 40 ni kilo 34, friji na vilivyomo 40, tairi la pili la spea 35, chakula na matandiko 50. Hiyo ni 684, kabla ya droo za mbao na betri ya pili. Uwezo wa pikapu nyingi za aina hii ni karibu tani moja pamoja na abiria. Soma kibandiko cha gari lako. Maji na betri vikae mbele, karibu na kebini. Mzigo ulio nyuma ya ekseli ya nyuma hunyanyua pua ya gari na usukani unakuwa mwepesi.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutulia sakafuni, kwa hiyo kanopi yenye mtungi inahitaji tundu chini, si juu tu. Kambini ng'oa vile vizibo vya raba. Mtungi usimame wima, umefungwa kwa mkanda, na regyuleta itolewe safarini. Jiko la mkaa lisiingizwe ndani ya kanopi hata kwa dakika tano za kuota moto, hata likiwa limebaki makaa tu. Hewa yake yenye sumu haina harufu, na mtu aliyelala haamki.

Kwenye kambi ya Simba, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro kwenye mita zaidi ya 2,300, baridi ya Julai hufanya pumzi za waliolala ndani ya kanopi ziwe maji darini. Acha upenyo pande mbili zinazotazamana, na bandika zulia jembamba darini ili matone yasidondoke usoni. Nguo usizifungie kwenye mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, ambayo imepigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019. Ndoo zenye vifuniko vya kubana huzuia umande na vumbi pia.

Baada ya kilomita 100 za kwanza za barabara mbaya, simama ukaze klampu zote, kwa maana raba huwa imelala na nati zimelegea. Rudia baada ya 500. Weka alama ya rangi inayovuka nati na boliti. Mstari ukikatika utajua imezunguka bila kushika spana. Ukirudi, kagua pembe za bodi upande wa kebini na sehemu za kuchomelea chini ya keria. Ukiona mstari mwembamba wa kutu juu ya rangi, hapo chuma kimeanza kupasuka.