Ujumbe umesimbwa, mbona bado wanajua mambo yangu?

SWALI: Mtaalamu, programu ninayotumia kutuma ujumbe inasema mazungumzo yamesimbwa mwanzo hadi mwisho. Rafiki yangu ananibishia kwamba serikali na makampuni bado yanajua mambo yangu. Nani yuko sahihi? Na kama sheria za faragha zipo, mbona hali ni ileile?

JIBU: Ndugu msomaji, nyote wawili mko sahihi, ila kila mmoja anazungumzia kitu chake. Ujumbe wako unasimbwa, yaani kugeuzwa kuwa msimbo usiosomeka, ndani ya simu yako na kufunguliwa ndani ya simu ya mwenzako, hivyo seva (kompyuta ya kampuni) iliyo katikati haiwezi kuusoma. Kinachobaki wazi ni metadata: nani kawasiliana na nani, lini, kwa muda gani, akiwa wapi.

Tazama mistari mitatu ya kumbukumbu za simu. Saa 3:10 asubuhi, maabara ya hospitali imekupigia, dakika 2. Saa 3:14, umempigia daktari wa saratani, dakika 20. Saa 3:40, umempigia mama yako, saa nzima. Hakuna aliyesikia hata neno moja, lakini nani atashindwa kujua kilichotokea? Michael Hayden, aliyewahi kuongoza mashirika ya ujasusi ya Marekani NSA na CIA, alikiri hadharani mwaka 2014 kwamba Marekani huua watu kwa kutegemea metadata. Anayekutuliza kwa kusema "hiyo ni metadata tu", usimsikilize.

Kiasi kinachobaki wazi hutegemea programu. Mwaka 2016 Signal, programu ya kutuma ujumbe, ilipewa amri ya kisheria nchini Marekani itoe taarifa za watumiaji. Ilichoweza kutoa ni tarehe ya kufunguliwa kwa akaunti na siku ya mwisho kuunganishwa. Haukuwa ukaidi, hawakuwa wamehifadhi kingine. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo cha kwanza cha programu: inatunza nini?

Kuna pia nakala rudufu, ambazo wengi huzisahau. Mazungumzo yaliyosimbwa vizuri yakishapandishwa kwenye hifadhi ya mtandaoni bila kusimbwa, mwenye hifadhi anaweza kuyafungua akiamriwa. WhatsApp iliongeza usimbaji wa nakala hizo mwaka 2021, lakini ni lazima uuwashe mwenyewe kwenye mipangilio.

Sasa sheria. Si kweli kwamba hakuna kilichobadilika. Edward Snowden, aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni iliyofanya kazi za NSA, alifichua mwaka 2013 kwamba NSA ilikuwa ikikusanya kumbukumbu za simu za Wamarekani kwa jumla, na mwaka 2015 Bunge la nchi hiyo likapiga marufuku ukusanyaji huo. Mwaka 2018, katika kesi ya Carpenter, Mahakama ya Juu ikaamua kwamba kwa kawaida polisi wanahitaji kibali cha hakimu ili kupata historia ya mahali simu ilipokuwa kutoka kwa kampuni ya simu.

Tatizo ni kwamba mlango wa nyuma uko wazi. Programu ya hali ya hewa au mchezo wa bure huchukua mahali ulipo na kuwauzia madalali wa data, nao huuza kwa yeyote mwenye fedha. Idara ya serikali ikinunua, haiendi kwa hakimu, inalipa ankara. Ripoti iliyotolewa mwaka 2023 na ofisi inayosimamia mashirika ya ujasusi ya Marekani ilikubali kwamba mashirika hayo hununua data za namna hii. Muswada wa kuzuia ununuzi huo ulipita Baraza la Wawakilishi Aprili 2024, ukakwama Seneti. Ulaya nayo ilitoza Meta, mmiliki wa Facebook na WhatsApp, faini ya euro bilioni 1.2 mwaka 2023 kwa kuhamishia data Marekani. Faini si mbaya, lakini kwa maoni yangu vita halisi ni hiyo ya ununuzi.

Kwa leo, pitia programu zote zenye ruhusa ya kujua mahali ulipo, uzinyang'anye zisizoihitaji. Kisha futa kitambulisho cha matangazo cha simu yako, au kama ni iPhone, zikatalie programu kukufuatilia. Kitambulisho hicho ni namba ya pekee ya simu yako kwa ajili ya matangazo, na ndicho madalali hukitumia kuunganisha nyendo zako za programu moja na za nyingine.