Fundi Anajibu: Alteneta ya volti 24 kwenye lori la jeshi

SWALI: Nipo Texas. Mimi na shemeji yangu tulinunua mnadani lori la zamani la jeshi la Marekani, M35A2, tunabebea kuni. Mshale wa mita ya chaji kwenye dashibodi hauondoki kwenye njano, na asubuhi stata inazunguka kivivu. Betri zote mbili tumeshabadilisha. Kila tunayemuuliza anasema alteneta imekufa. Tuagize nyingine?

JIBU: Msiagize bado. Alteneta (mashine inayozungushwa na injini ili kuchaji betri) ya lori hilo ni ya volti 24, ampia 60, na bei yake si ya kubahatisha. Nyingi zinazofunguliwa kwa kosa la "haichaji" hukutwa ni nzima, ubaya uko kwenye waya, ethi (njia ya umeme kurudi hasi ya betri kupitia chasisi) au mkanda. Tafuteni multimita (mita ya kupimia umeme), hata ya bei ndogo.

Anzeni na betri, injini ikiwa imezimwa kwa saa kadhaa. Hizo ni betri mbili za volti 12 zilizofungwa kwa mfululizo, kwa hiyo pimeni kila moja peke yake. Iliyojaa inasoma kama 12.6; zikitofautiana kwa zaidi ya volti 0.2, au moja ikiwa chini ya 12.2, zichajini kwanza kwa chaja, moja moja. Msiiachie alteneta kazi ya kufufua betri zilizokufa. Itatoa ampia zake zote kwa muda mrefu, ipate joto, na diodi (vipande vya ndani vinavyogeuza umeme wa AC kuwa DC) ziungue.

Hapo hapo ulizeni nani anazima swichi. M35A2 haina ufunguo. Injini inazimwa kwa kuvuta kebo, na swichi ya umeme ni kitu kingine kabisa. Ukivuta kebo ukasahau swichi, pampu ya mafuta iliyo ndani ya tangi inaendelea kunguruma polepole na kunywa betri usiku kucha. Tegeni sikio karibu na tangi kabla ya kwenda kulala.

Mikanda ni miwili, inafanya kazi kwa pamoja. Bonyezeni kila mmoja kwa dole gumba katikati ya puli mbili: ushuke kama sentimita moja na nusu, na yote miwili ishuke sawa. Ubavu unaong'aa kama kioo ni dalili ya kuteleza. Tazameni pia kama mkanda umeshuka hadi unagusa sakafu ya mfereji wa puli. Ukifika huko haushiki tena hata ukiukaza mpaka beringi ilie. Mikanda hubadilishwa jozi. Mpya mmoja na wa zamani mmoja ni sawa na kuwa na mkanda mmoja tu.

Sasa washeni injini, ipandisheni mzunguko kidogo juu ya silensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta), muwashe taa zote. Pimeni sehemu mbili: kwenye nati ya waya mnene wa alteneta (ncha nyeusi ya mita ikiwa kwenye mwili wa alteneta), kisha kwenye betri zote mbili kwa pamoja. Mnatafuta 27.5 hadi 28.5.

Mkipata 28 kwenye alteneta lakini 25 au 26 kwenye betri, alteneta ni nzima na umeme unapotelea njiani. Kuipata sehemu hiyo ni rahisi. Injini ikiwa inaunguruma na taa zikiwaka, wekeni ncha moja ya mita kwenye nati ya alteneta na nyingine kwenye chanya ya betri. Mita inaonyesha volti zinazopotea upande wa chanya, na zikizidi 0.5 fungueni kila kiungo mkisugue. Halafu fanyeni hivyo hivyo upande wa ethi, kutoka mwili wa alteneta hadi hasi ya betri iliyofungwa kwenye chasisi. Huko isizidi 0.2 au 0.3.

Ethi ndiyo tunayoishuku zaidi kwenye malori ya mnadani. Wanaoyarembesha hupuliza rangi ya kijani ya jeshi kila mahali, pamoja na chini ya bolti za bano la alteneta na pale waya wa ethi unapokaa, na rangi haipitishi umeme. Lori linapendeza, halichaji. Kwanguleni hadi chuma cheupe, mpake grisi kidogo baada ya kukaza.

Ikiwa volti ni 25 kote na zinazidi kushuka, alteneta haizalishi, lakini bado msiihukumu. Kuna waya mwembamba unaoiamsha kutoka kwenye swichi. Zimeni injini, washeni swichi, mpime kwenye waya huo: unatakiwa kuwa na volti karibu sawa na za betri. Ikiwa sifuri, tatizo ni swichi au kiungo. Waya za malori ya jeshi la Marekani zina vipete vya chuma vyenye namba, fuateni namba badala ya rangi, maana nyingi zina rangi moja. Umeme ukiwa unafika, sogezeni bisibisi ya chuma karibu na ncha ya ekseli ya alteneta huku swichi ikiwa imewashwa. Ikivutwa kama na sumaku, kaboni (zinazopitisha umeme hadi rota) na rota (sehemu inayozunguka) zinafanya kazi na wa kushukiwa ni diodi au koili za nje. Isipovutwa, ni kaboni zilizokwisha, rota iliyokatika, au regyuleta inayodhibiti volti, ile ambayo mafundi wengi huita katauti.

Diodi ina vipimo viwili vyake. Geuzeni mita iwe kwenye volti za AC, mpime kwenye betri injini ikiwaka: zikizidi volti moja, kuna diodi iliyokufa. Cha pili hakitaki mita. Gusa alteneta alfajiri kabla ya kuwasha. Ikiwa na uvuguvugu wakati lori limelala nje usiku mzima, diodi inavujisha, betri inajimwaga kupitia humo.

Na mkiona zaidi ya 30, zimeni haraka. Regyuleta imeshindwa kuzuia, betri zinachemka na balbu zitafuata. Alteneta nyingine zina skrubu ya kurekebisha volti nyuma, chini ya kizibo. Igeuzeni skrubu hiyo robo robo huku mkitazama mita, lakini isiwe dawa ya ethi mbovu.

Ikithibitika kwamba imekufa, tenganisheni kwanza hasi inayokwenda kwenye chasisi. Ukianza na chanya, spana ikigusa mwili wa gari utaona cheche utakayoikumbuka. Pigeni picha, mfunge karatasi ya gundi kwenye kila waya. Legezeni bolti ya kurekebishia, sukumeni alteneta kuelekea injini, mtoe mikanda kwa mkono. Kuikwatua kwa bisibisi kunakata nyuzi za ndani bila kuonekana nje. Alteneta hiyo ni nzito, mmoja aishike kabla ya bolti ya mwisho kutoka.

Kabla ya kufunga mpya, linganisheni puli: mifereji miwili, upana uleule, na ikae mstari mmoja na puli ya injini. Rula ndefu ya chuma inatosha kuhakikisha. Ikiwa kando hata kwa milimita tatu, mikanda italika upande mmoja. Kazeni, rudisheni hasi mwisho, washeni. Baada ya nusu saa pimeni tena mikanda, kwa sababu mipya hulegea mapema. Na hata siku moja msichomoe betri injini ikiwaka "kujaribu kama alteneta inachaji". Volti hupaa ghafla na regyuleta inakwenda. Anayechomelea kwa umeme kwenye chasisi naye achomoe nyaya za alteneta kwanza.

SWALI: Tuna Bedford MK iliyowahi kuwa ya jeshi la Uingereza, Arusha, tunapelekea watalii porini. Redio na chaja za simu tumezifunga kwenye betri moja ili tupate volti 12. Betri moja inakauka maji kila mwezi, nyingine haishiki chaji. Alteneta inazidisha?

JIBU: Alteneta haina kosa. Inaona betri mbili kama moja na inatoa 28 kwa jumla, bila kujua zinagawanaje. Ile mnayoinyonya inabaki chini, tuseme 12.6, kwa hiyo 15.4 zilizobaki zote zinaiangukia mwenzake, ambayo inachemka na kukauka. Mkipima kila betri injini ikiwaka mtaziona namba za namna hiyo kwa macho yenu.

Nunueni konveta ya kushusha volti 24 hadi 12. Jumlisheni ampia za vifaa vyote mchukue kubwa kuliko jumla hiyo; kwa redio na simu kadhaa, ya ampia 15 hadi 20 inatosha. Waya wake uanzie kwenye 24 kamili, na fyuzi ikae karibu na betri, si karibu na konveta. Betri zibadilisheni zote mbili siku moja, aina moja, ukubwa mmoja. Ile "nzuri" iliyobaki mtampa mwenye sola.

SWALI: Alteneta ya asili ya lori langu la jeshi haipatikani huku Kampala. Naweza kufunga ya Fuso au Isuzu?

JIBU: Unaweza, malori hayo mengi ni ya volti 24, lakini hakikisha kwenye kibao cha alteneta yenyewe, kwani Isuzu ndogo zipo za 12. Bano utalichonga au kulichomelea upya. Ukifanya hivyo, bolti ndefu ya chini isibebe uzito peke yake, na puli zibaki mstari mmoja.

Ncha za alteneta zina herufi. Waya mnene uende B. Waya wa L upitie balbu ya volti 24, wati tatu hadi tano, kutoka kwenye swichi. Ukiipa 24 moja kwa moja unaweza kuichoma regyuleta. Kama kuna S, ipeleke chanya ya betri, kwa sababu ndiyo inayopima volti, na ikiachwa ikining'inia alteneta nyingine huzidisha. Ujue pia kwamba alteneta za jeshi hujengwa kwa kuvuka maji. Hii ya Fuso iko wazi, ukiizamisha mtoni inavuta tope hadi kwenye kaboni.

Tazama na mgongo wake. Alteneta nyingi za Isuzu zina pampu ya vakyumu ya breki nyuma, inayolainishwa na oili ya injini kupitia mpira mwembamba. Ukiifunga bila kuipa oili itakwama ndani ya muda mfupi na kukata mikanda. Chagua isiyo na pampu, au fundi aitoe na kuziba tundu kwa bamba na gasketi.