Maswali ya wasomaji: depoziti, cheki ya mwisho na ndoa isiyo na cheti Texas

SWALI: Habari za kazi. Tulihama apatimenti hapa Houston, nyumba tukaosha mpaka nyuma ya jiko, funguo tukarudisha, sasa mwezi wa pili unaisha ofisi wanatuzungusha tu, mara kapeti imechakaa, mara meneja hayupo. Depoziti yetu ilikuwa dola 900. Kuna sheria inatulinda au ndo imeenda? (Mama wa watoto watatu)

JIBU: Haijaenda, mama. Ila nikuulize kwanza, mliwapa anwani yenu mpya kwa maandishi? Sio kumwambia yule dada wa ofisini wakati mnakabidhi funguo, nasema maandishi. Sheria ya Texas inampa mwenye nyumba siku 30 tangu mlipohama arudishe hela, lakini halazimiki kurudisha chochote wala kuwapa orodha ya makato mpaka awe na hiyo anwani kwa maandishi, na hapa ndo watu wetu wengi sana wanakwama, inaniuma kwa kweli, maana ni karatasi moja tu. Kuchelewa kuitoa hakujafuta haki yenu. Kwa hiyo leo leo andika barua fupi, weka majina yaliyo kwenye mkataba, namba ya apatimenti, tarehe mliyorudisha funguo, anwani mpya, saini na tarehe, ipige picha, afu itume posta kwa ile njia ambayo anayepokea anasaini na wewe unarudishiwa risiti.

Kuhusu kapeti, mwenye nyumba haruhusiwi kukata hela kwa ajili ya uchakavu wa kawaida. Njia iliyofifia mbele ya kochi kwa sababu watu walikuwa wanapita hapo kila siku, huo ni uchakavu wa kawaida. Alama ya pasi iliyounguza kapeti, hiyo ni uharibifu na anaweza kukata. Akikata lazima akupe orodha ya maandishi inayosema amekata nini na kiasi gani, isipokuwa kama mnadaiwa kodi na hakuna ubishi juu ya hilo deni. Siku 30 zikipita na anwani anayo na hajaleta hela wala orodha, korti inaanza kwa kuchukulia kwamba amekaa na hela yenu kwa nia mbaya, yani yeye ndo wa kujitetea sio nyie. Akishindwa kujitetea anawalipa dola 100 pamoja na mara tatu ya kiasi alichozuia bila haki na gharama za wakili. Kwa dola 900 zote hiyo inafika dola 2,800.

Kesi inaenda Justice Court ya kaunti yenu, yani korti ya madai madogo, wanasikiliza madai mpaka dola 20,000 na wakili sio lazima. Nenda na mkataba, picha za nyumba, ile barua na risiti ya posta. Kama ada ya kufungua kesi hamna, kuna fomu ya kiapo ya kueleza kwamba huna uwezo wa kulipa, omba kwa karani. Mkitaka mtu wa kuwasaidia bure Houston kuna Lone Star Legal Aid.

SWALI: Mume wangu anasema mwezi wa mwisho tusilipe kodi, wakate kwenye depoziti. Ni sawa?

JIBU: Hapana dada, mzuie. Texas imekataza hilo wazi, na mpangaji akifanya kwa nia mbaya anaweza kulipishwa mara tatu ya hiyo kodi na gharama za wakili wa mwenye nyumba juu yake.

SWALI: Nimefukuzwa kazi ya weahausi Dallas, bosi anasema cheki ya mwisho sipati mpaka nirudishe yunifomu na kwamba atakata hela ya skana iliyovunjika. Nifanyeje?

JIBU: Pole kaka. Ukifukuzwa lazima ulipwe ndani ya siku 6, ukiacha mwenyewe ni siku ya malipo inayofuata. Yunifomu rudisha, ni mali yao, ila sio sababu ya kukalia mshahara wako. Na hela ya skana hawezi kuikata kama hukuwahi kusaini karatasi inayomruhusu kukata kwa ajili ya kitu kama hicho, kwa hiyo kumbuka vizuri siku ya kwanza kazini ulisaini nini, maana ile bahasha ya fomu watu wanasaini wanarudisha bila kusoma. Asipolipa peleka madai Texas Workforce Commission, yani ofisi ya jimbo inayoshughulikia mambo ya kazi, ni bure, lakini una siku 180 tu tangu siku uliyotakiwa kulipwa. Hiyo sheria ni ya walioajiriwa, haiwagusi wanaofanya kazi kama makontrakta. Ila kuitwa kontrakta na bosi sio mwisho wa maneno, kama yeye ndo anapanga saa zako na namna ya kufanya kazi, peleka madai wao waamue.

SWALI: Tumeishi pamoja miaka minne bila cheti, watu wanasema mpaka ifike miaka saba ndo serikali inatuhesabu mume na mke. Kweli?

JIBU: Sio kweli, hiyo miaka saba haipo kwenye sheria ya Texas. Wanaangalia mambo matatu: mlikubaliana kuwa mume na mke, mkaishi hapa Texas kama mume na mke, na mkajitambulisha hivyo kwa watu. Yakitimia yote hata muda mfupi unatosha, yasipotimia hata miaka ishirini haifanyi ndoa. Kwa hiyo kama kanisani anakuita mke wangu, na kodi ya mapato mnajaza pamoja kama wanandoa, huo ni ushahidi. Mkitaka kumaliza ubishi nendeni kwa karani wa kaunti mjaze tamko la hiyo ndoa. Na mkiachana ndoa hiyo inahitaji talaka ya korti kama nyingine yoyote, mali mliyochuma pamoja inagawanywa. Usikae kimya muda mrefu, maana ikipita miaka miwili tangu mlipotengana bila kesi yoyote, korti inaanza kwa kuchukulia kwamba hamkuwahi kukubaliana kuoana, na kazi ya kuthibitisha inabaki kwako.