Minyanya inayonyauka ingali ya kijani

Ndugu wa Ruai, umeeleza kwamba minyanya yako inanyauka ghafla ingali ya kijani, ingawa unaimwagilia na umeipulizia dawa ya ukungu mara mbili, na unauliza bakteria mdogo anawezaje kuuangusha mmea mzima. Mimi pia niliwahi kupoteza kitalu kizima hivyo. Najua uchungu wake.

Dalili hizo zinaelekea kwenye mnyauko bakteria, unaoletwa na bakteria wa udongoni aitwaye Ralstonia solanacearum, ambaye huingia kupitia majeraha ya mizizi. Jeni zake ziitwazo hrp humwezesha kuunda kitu kama sindano, ambacho kwacho huingiza protini ndani ya seli za mmea na kudhoofisha kinga yake; jeni nyingine, ambazo huanza kazi bakteria wanapokuwa wengi, hutengeneza ute mzito unaoziba mirija ya maji. Ndiyo sababu mmea hufa kwa kiu katika udongo uliolowa.

Kata shina karibu na udongo, kisha ning'iniza kipande chake katika gilasi ya maji safi: nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka baada ya dakika chache, shaka imepungua sana. Hata hivyo, peleka sampuli kwenye maabara za KALRO (shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la Kenya), Kabete, zithibitishe. Ng'oa mimea iliyougua pamoja na mizizi, uichome, wala usiitie kwenye mboji. Safisha jembe. Kwa misimu kadhaa usipande hapo viazi, biringanya wala pilipili. Panda mahindi au vitunguu. Ukiuziwa dawa ya kuuponya mmea uliokwisha kunyauka, usinunue, kwa maana haipo.