Maswali ya Wasomaji: Kigong'ota Nadra Songea

SWALI: Ndugu Mhariri, mwezi uliopita nilikuwa kwenye miombo nje kidogo ya mji wa Songea, yapata saa mbili asubuhi, nikamsikia ndege akigonga tawi la juu kabisa. Alikuwa kigong'ota mwenye kisogo chekundu, tumbo jeupe lililojaa alama za kahawia mithili ya magamba ya samaki, na mstari mpana mweusi ulioteremka kutoka shavuni hadi ubavuni mwa kifua. Nilimpiga picha tatu kwa simu. Naamini ni kigong'ota wa Stierling, ila rafiki yangu anayeongoza watalii anasisitiza kwamba ni kigong'ota ndevu. Nani kati yetu yuko sahihi, na taarifa hii niipeleke wapi?
Msomaji wa Songea

JIBU: Ndugu Msomaji, maelezo yako yanaelemea upande wako, lakini picha zako bado hazijammaliza rafiki yako. Kigong'ota wa Stierling, aliyepewa jina la kisayansi na Mjerumani Anton Reichenow mwaka 1901, huishi katika miombo ya kusini mwa Tanzania, kaskazini mwa Msumbiji na sehemu ya Malawi tu, kwa hiyo mahali ulipokuwa panamfaa. Tatizo ni kwamba hupenda matawi ya juu, na picha zako zote tatu zimepigwa kutoka chini, zikaonyesha tumbo na mkia, ilhali jibu liko mgongoni.

Mgongo wa Stierling ni wa kahawia tupu, hauna mistari wala madoa. Kigong'ota ndevu ana mistari myembamba myeupe iliyokatiza mgongo mzima, na tumbo lake pia lina mistari ya namna hiyo, si magamba. Umbo nalo husaidia: Stierling hazidi sana shore wa bustanini, wakati ndevu humkaribia tetere. Yupo pia kigong'ota kardinali, mdogo kuliko wote watatu, ambaye michirizi ya kifuani mwake hushuka wima. Rangi nyekundu ya kisogoni isikupe uhakika wowote, kwani madume wa aina zote hizi wanayo.

Kabla hujafungua tena kitabu cha ndege, andika yote unayoyakumbuka, maana picha ya kitabuni ikishaingia akilini huijaza mapengo ya kumbukumbu bila mwenyewe kujua. Andika tarehe, saa, mwanga ulitoka upande gani, ulikuwa umbali wa hatua ngapi, ulimtazama kwa muda gani na kama ulikuwa na darubini. Andika pia usichokiona. Sentensi kama "mgongo sikuuona" huwafanya wakaguzi wa kumbukumbu za ndege waamini sentensi zako nyingine. Kisha eleza kwa nini unadhani hakuwa ndevu wala kardinali. Faili asili za picha usizifute wala kuzing'arisha kwa programu ya simu, kwa sababu rangi iliyokolezwa inaweza kuzua au kufuta mistari ambayo ndiyo inayobishaniwa.

Taarifa yenyewe unaweza kuiingiza bure kwenye eBird, hifadhidata iliyoanzishwa mwaka 2002 na inayoendeshwa na Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani. Ndege asiye wa kawaida mahali fulani husimamishwa na mfumo, nawe utaombwa maelezo kabla mkaguzi wa eneo hajaamua. Kuulizwa huko si kushukiwa uongo. Hata mabingwa huulizwa. Atlasi ya Ndege wa Tanzania nayo hupokea kumbukumbu za waangalizi.

Ningekushauri urudi mahali pale pale, asubuhi, ukitafuta mwinuko au kichuguu kitakachokupandisha usawa wa matawi. Simu ikiwa haivuti vya kutosha, bandika kamera yake kwenye kioo cha darubini unachochungulia. Picha hutoka na duara jeusi pembeni, lakini mgongo utaonekana. Akilia au kugonga, rekodi dakika nzima bila kusema neno, kisha taja tarehe na mahali mwishoni. Usimchezee sauti iliyorekodiwa ili kumvuta, hasa akiwa na tundu la kuatamia, na tundu hilo ukiliona usitangaze lilipo.

Kwa sasa muingize kama kigong'ota asiyetambuliwa, pamoja na maelezo na picha zote tatu. Ukipata picha ya mgongo, utabadilisha jina bila kupoteza tarehe ya mara ya kwanza.